Doto Amerudi Bustanini

Ilembo,
Manispaa ya Mpanda,
Katavi.
15 Juni, 2025.

Mpendwa wifi yangu Aneth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenu Mpanda. Nimerudi kanisani sasa hivi, maharage yako jikoni, na kaka yako Telesphor amelala kwenye mkeka kana kwamba ni yeye aliyehubiri. Hujambo wewe? Shemeji Edgar hajambo? Mguu wake umeacha kumsumbua? Na Imakulata wetu anaendeleaje na shule, au bado anazikimbia hesabu kama mama yake? Sisi huku ni wazima kabisa. Leo nikisema wazima sisemi kwa mazoea, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini mdomo wake uko imara kama unavyoujua. Jana alimfokea jogoo mpaka nikamhurumia jogoo.

Najua ukiona bahasha utacheka, utasema Kasilda kaishiwa bando. Sijaishiwa. Ila wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza sentensi, na jambo hili nataka nilieleze lote bila kukatizwa. Mzee Celestin, yule fundi baiskeli jirani yetu, anakuja Dodoma na treni ya wiki hii kumwona binti yake. Nitampa barua hii pamoja na karanga kidogo. Karanga zikifika zimepungua, muulize yeye.

Jambo lenyewe ni lile ulilotuambia mwezi wa tatu, kwamba tukuletee Doto aje akae kwako, awe karibu na madaktari wakubwa. Sikukujibu, na nilijua umenuna, maana ulianza kunitumia salamu kupitia kwa kaka yako. Usininunie tena wifi. Jibu ninalo, ila lazima lipitie bustanini kwanza.

Wewe mambo yetu uliyasikia kwa vipande, basi niyaunganishe. Unajua mapacha wetu walizaliwa wakilingana, lakini walipoanza kula chakula cha wakubwa, Kulwa akawa anakua na Doto akabaki palepale. Tumbo limejaa, miguu myembamba, anaharisha leo, kesho ana nafuu, keshokutwa tena. Tulimpa dawa za minyoo, tukampa dawa za taifodi. Wapo waliosema pacha mmoja anamnyonya mwenzake nguvu, na mmoja wao nilimtoa nyumbani kwangu na chai yake mkononi. Mpaka mwaka jana tulipofika hospitali kubwa kule Mbeya, ndipo daktari akatuambia ni ugonjwa wa siliaki. Mama yeye anauita ugonjwa wa ngano, na mimi naona jina lake ni zuri kuliko la daktari.

Daktari alisema mwili wa Doto haupatani na ngano, wala shayiri, wala ile nafaka ya kizungu iitwayo rai, na ndivyo itakavyokuwa maisha yake yote. Ngano hata kidogo sana ikiingia mdomoni inamchubua utumbo. Ugali ale, wali ale, ulezi, mtama, muhogo, viazi, vyote ale. Wifi, mimi nilicheka palepale kwa furaha. Nilimwambia, daktari, huyu ni mtoto wa Mpanda, kwetu ngano ni wageni tu! Kumbe nilikuwa sijui mgeni huyo amekwisha kukaa mahali pengi kiasi gani.

Tukaifukuza ngano nyumbani. Chapati basi, maandazi basi, tambi basi. Zile biskuti zako za boksi tuliwagawia watoto wa jirani, na walikuombea sana. Kulwa naye aliacha kuzila nyumbani, kwa sababu Mama alisema mapacha hawabaguliwi kwenye sahani. Nafaka napeleka mwenyewe kwenye mashine isiyosaga ngano, na nasimama pale mpaka unga wangu utoke. Yule kijana wa mashine akiniona anasema, "Mama Kulwa amekuja kukagua." Mimi namjibu ndiyo, nimekuja kukagua, saga.

Doto akanenepa kidogo, mashavu yakatokeza. Lakini shida ikawa kwenye kula na watu. Mapumziko ya shule wenzake wakinunua maandazi, yeye anasimama pembeni na kopo lake la viazi. Kwenye sherehe anakula peke yake, sahani yake imefunikwa. Alianza kuwa mtoto wa kukataa, hapana asante, hapana asante, mpaka moyo ulikuwa unaniuma. Ndipo nikampa kazi ya matuta nyuma ya nyumba, apande anachotaka. Akapanda mchicha, bamia, nyanya, na viazi vitamu pale pembeni. Mkono wake unakubali, wifi. Mimi bamia zangu zikiota tatu, zake zinaota zote.

Hapo Kulwa ndiye alikuwa analisha kuku na Doto anamwagilia bustani. Mwezi wa kwanza Mama akasema hiyo si sawa. Mapacha, alisema, kama wanavyogawana chakula lazima wagawane na kazi, la sivyo mmoja ataona mwenzake anapendelewa, na wivu wa mapacha huleta ugonjwa ndani ya nyumba. Wewe umelelewa na mama huyu, unajua hakuna wa kumpinga. Nami sikuona ubaya. Tukapanga, leo Kulwa bustanini na Doto kwa kuku, kesho wanabadilishana. Watoto walifurahi, kwa kuwa Doto alikuwa anawatamani kuku siku nyingi.

Mwezi wa pili ulikuwa haujafika katikati, tumbo la Doto likarudi. Kuharisha kukarudi. Usiniulize nilijisikiaje. Nilipekua jikoni mpaka nikaosha vijiko vilivyokuwa vimeshaoshwa. Telesphor akasoma pakiti zote za viungo kwa sauti kama anasoma tangazo la kifo. Nilikwenda shule, mwalimu akasema Doto hali kitu cha mtu. Tukaanza kuangaliana midomoni. Mimi nikimwona Mama amemwita Doto chumbani kwake, nakuta mguu wangu umeshafika mlangoni. Mama naye siku moja alinusa viganja vya Telesphor aliporudi kutoka mjini. Mtu mzima na ndevu zake, amesimama ananuswa.

Mwisho Telesphor akaamua ni udongo. Akasema mtoto mwenye utumbo dhaifu hawezi kushinda na mbolea na minyoo ya ardhini, akampiga marufuku kwenda bustanini na bandani. Na kibaya ni kwamba Doto akaanza kupata nafuu! Si ya kamili, leo mzima, kesho tumbo, lakini nafuu. Kaka yako akatembea siku zile kifua mbele. Doto akawa anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma anatazama mchicha wake unatoa maua. Hakulia. Bora angelia.

Wakati huohuo ndipo ulipopiga simu ukasema tumlete kwako. Wifi, sitakuficha, nilikubali moyoni. Nilichukua begi, nikaanza kukunja nguo zake. Kulwa akaja, akanitazama, akaenda akaleta na za kwake akaziweka juu. Hawajawahi kulala nyumba mbili tofauti tangu wazaliwe. Nikazitoa zote begini, nikaketi kitandani nikalia kama mtoto. Ndiyo maana simu yako ya pili sikuipokea.

Sasa sikiliza. Siku moja mvua ilikuwa inanyunya, Kulwa alitoka kuwalisha kuku akapitia bustanini, akachuma nyanya moja nzuri kwa ajili ya mwenzake. Akaingia nayo jikoni, akaipasua kwa vidole, nusu yake, nusu ya Doto, kama walivyozoea. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikaona ile nusu ya Doto ina vumbi. Mikono ya Kulwa imejaa vumbi mpaka kwenye viwiko. Nikaipokonya ile nyanya kabla haijafika mdomoni, nikainusa. Ilinukia mkate.

Nilikwenda bandani bila khanga kichwani. Nikaingiza mkono kwenye gunia la chakula cha kuku, nikanusa, ni mkate mtupu. Pumba za mahindi hazina harufu ile, wifi, wewe unazijua. Nikachukua bodaboda mpaka Kashaulili kwa Maximilian, yule anayeuza vyakula vya mifugo, nikamuuliza ananiuzia nini. Akanijibu kwa upole tu, "Mama Kulwa, hizo ni pumba za ngano zinatoka Sumbawanga. Masika haya pumba za mahindi zimeadimika. Na kuku wanazipenda hizo, au nyie wa kwenu hawatagi?"

Wanataga sana, nikamwambia. Nikaanza kucheka palepale dukani, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na Maximilian akanivutia kiti. Tulikuwa tumelinda kila mdomo nyumbani, kumbe kuku wetu wanakula ngano tangu Januari, na mtoto anawakorogea kwa mikono yake miwili. Akimaliza kukoroga anapita bustanini, anachuma nyanya, anaifuta kwenye gauni, anakula. Na ule uchafu wa bandani, na pumba zilizomwagika, ndio tuliokuwa tunaumwaga kwenye matuta yake kama mbolea. Halafu tulipomzuia kwenda huko, pacha wake akawa anamletea kwa upendo, nusu kwa nusu.

Nilirudi nikawaambia wote. Telesphor alikuna kichwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa anapakia yale magunia kwenye pikipiki. Mama alisema tu, "Basi tuwaombe radhi na vijiko, tumeviosha mno."

Tulimpeleka Doto kliniki na kumpigia daktari wa Mbeya, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, si kama mtu fulani wa Dodoma. Akasema ngano ikigusa ngozi haimdhuru, inamdhuru ikimezwa, na vumbi la pumba linakaa kwenye vidole, linaingia puani na kooni mtoto anapokoroga. Akasema udongo hauna kosa lolote. Mtoto arudi bustanini, tena itamjenga, ila ngano itoke.

Basi ngano ikatoka. Kaka yako alifanya kazi siku hizo kama anayelipwa na wazungu. Alifagia banda, akakwangua udongo wa juu kwenye matuta yaliyokuwa yamemwagiwa mbolea ile, akaupakia kwenye mkokoteni kwenda shamba la Mama kule Kabungu, na kwa bidii yake akang'oa vitunguu vyangu ambavyo havikuwa na hatia. Sasa kuku wanakula pumba za mahindi kutoka mashine yetu na mashudu ya alizeti. Kile chakula cha kuku kilichochanganywa tayari hatununui mpaka tujue ndani mna nini. Mbolea tunaweka samadi ya mbuzi. Matandazo ni nyasi kavu na maganda ya mpunga, na hata hayo nilimuuliza mwenye kinu maswali mpaka akauliza kama nimetumwa na serikali.

Pale pa kuingilia bustani tumetundika kibuyu chirizi na sabuni kwenye kamba. Kufuta mikono kwenye nguo ni marufuku, lazima maji na sabuni, na kucha ziwe fupi. Hakuna kula bustanini, hata nyanya iwe imeiva namna gani, mpaka ioshwe na mikono ioshwe. Nguo za bustani zinaachwa kwenye kamba nje. Aliyekula andazi mjini haingii mpaka anawe na kusukutua. Msimamizi wa yote hayo ni Doto mwenyewe, na hana huruma. Mjumbe wa mtaa alikuja kuomba mbegu za bamia, akarudishwa kunawa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakutumia sabuni. Mtu mzima yule alitii.

Kazi wanagawana kama Mama alivyotaka, leo huyu kwa kuku, kesho yule. Sasa haidhuru.

Na sketi ya shule ya Doto imekuwa fupi! Niliposhika upindo ili niushushe nikakumbuka wa Kulwa nilikwisha kuushusha, lakini huu sijawahi kuugusa, maana sketi ya Doto haikuwahi kuhitaji. Nikaita nyumba nzima waje waone. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani kaolewa.

Sasa la jana, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumuiya yetu ilisali hapa nyumbani. Unajua ilivyo, baada ya sala ni chai na maandazi, na tangu mwaka jana Doto wakati huo huchukua kopo lake akaenda kukaa jikoni. Safari hii aliniambia yeye ndiye atakayelisha wageni. Alichimba viazi vyake vitamu mwenyewe, mimi nikachemsha. Akachuma bamia na mchicha, Mama akaunga na karanga, tukasonga ugali wa mtama. Mama Zefania alikuja na bakuli la maandazi ya kutusaidia, masikini, kwa nia njema. Doto akamfuata mlangoni, akapiga goti, akamwambia, "Shikamoo bibi. Hayo yanakaa nje pamoja na viatu." Jumuiya nzima iliangua kicheko, na Mama Zefania alicheka kuliko wote, akayafunika akayaweka juu ya ukuta.

Halafu Doto akapita na sinia, mtu kwa mtu. Karibu kiazi, bibi. Karibu, babu, ongeza. Wifi, tangu ugonjwa ujulikane kazi ya mtoto yule imekuwa kukataa vya watu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeona watu wakipokea cha kwake. Alipomaliza kugawa alikaa katikati yao, akala kile walichokula wote, sahani yake haikufunikwa. Kulwa akampisha kwenye jamvi. Mimi nilijifanya napuliza moto ili nisionekane.

Usiku nilimwambia Doto shangazi yake wa Dodoma anamwita akaishi kwake, kuna madaktari wazuri na shule nzuri. Nilitaka nisikie kutoka kwake mwenyewe, nisimjibie. Akauliza, "Kwa shangazi kuna udongo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ua wako umesakafiwa wote, hata jani halioti.

Akasema, "Basi aje yeye."

Hilo ndilo jibu lake, na ndilo la kwetu sote. Tunakushukuru kwa moyo wako, wifi, najua ulitaka kumwokoa. Njooni likizo ya Agosti, wewe na Imakulata, na shemeji kama mguu utamruhusu. Usilete biskuti. Lete mbegu za karoti, mwenye bustani ameziagiza.

Msalimie shemeji Edgar, mwambie shemeji yake Telesphor anamdai mchezo wa bao. Msalimie Imakulata, mapacha wanamuulizia kila siku. Mama Zefania naye anakusalimu, na maandazi yake yapo juu ya ukuta uleule kama unayataka. Mama anasema anakuombea usingizi mzuri na baraka katika kazi ya mikono yako, na anauliza kama bado unaruka sala ya asubuhi. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape afya kama aliyotupa sisi mwaka huu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Kasilda (Mama Kulwa na Doto)